Mbuzi wa Saa Mbili na Dakika Kumi na Saba

Klabu yetu ya joging ni ya Temeke. Jumapili alfajiri tunakusanyika, tunavaa fulana zinazofanana, tunaimba mchakamchaka na kuwaamsha waliotoka kukesha kwenye ngoma, tunauzunguka Uwanja wa Mkapa, kisha tunarudi kunywa supu. Anayetuona kwa mbali anadhani tunakimbia. Ukweli ni kwamba tunaifuata supu, na wapo wanachama hai, ada wamelipa, ambao tunawakuta tayari wameizunguka sufuria, jezi kavu, wakituuliza mbona leo mmechelewa.

Mimi ni katibu. Kazi yangu ya siku zote ni ufundi wa friji, ila ukatibu nilipewa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na simu yangu inakaa na chaji. Ulikuwa wadhifa mwepesi. Unaandika nani hajalipa, unaandika matokeo ya mabonanza, na matokeo yenyewe hayabadiliki: tumealikwa, tumekwenda, tumekula.

Ndipo Alphonce Simbu akatuharibia starehe. Septemba 2025, Tokyo, mashindano ya dunia, marathoni ya wanaume. Aliingia uwanjani akimfukuzia Mjerumani, wakakata utepe kwa muda ule ule, saa 2:09:48, ikabidi waamuzi waangalie picha waone kifua cha nani kimetangulia. Tofauti ikawa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Nchi ikashangilia, nasi tukashangilia, na hapo tungeweza kuishia. Lakini Mwenyekiti wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliirudia ile video mara nyingi kuliko afya yake inavyoruhusu, na Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya sufuria akatangaza kwamba utani umekwisha, klabu inakwenda Moshi.

Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Moshi kila mwaka tangu 2003. Kuna kilomita 42, kuna 21, na kuna 5 za kujifurahisha. Umri wetu na uzito wetu vyote vilikuwa vinaelekeza kwenye 5. Mwenyekiti akasema 5 ni umbali wa kwenda kununua maandazi. Akatuandikisha 21 karibu wote, na ili kututia moyo akaahidi zawadi: mwanamume wa kwanza wa klabu atapata beberu, mwanamke wa kwanza atapata doti ya kanga.

Bi Mkubwa akauliza palepale kwa nini zawadi hazilingani.

"Mbuzi ni msumbufu, Bi Mkubwa," Mwenyekiti akamjibu kwa upole. "Wewe mwanamke, utamfunga wapi?"

Bi Mkubwa anauza samaki. Ana wajukuu, lakini saa tisa za usiku yuko Feri anagombea ndoo za dagaa na wanaume wenye mabega mapana, na mara nyingi ndoo huondoka naye. Alimtazama Mwenyekiti, akavuta supu yake, hakusema kitu.

Safari ya basi naiacha. Waliowahi kukaa kiti cha nyuma kutoka Dar hadi Moshi wanaijua. Muhimu ni gesti. Mhasibu alitangulia kwenda kutuchukulia namba za kifuani, kila namba na chipu yake ndogo imebandikwa kwa nyuma, hiyo ndiyo inayosomwa na mashine ukikanyaga mkeka. Akaziweka kwenye bahasha za kaki. Kwa kuwa yeye ni mtu wa mpangilio, na hataki mtu amwambie hana mpangilio, hakuandika majina. Aliandika namba za vyumba, akapita usiku akizisukuma chini ya milango. Mimi nilikuwa chumba namba 6. Bi Mkubwa alikuwa namba 9. Mwenye akili ameshaelewa, lakini mimi usiku ule nilikuwa nimeshiba kiburu, nikabandika namba yangu na pini nne nikalala.

Asubuhi kule Chuo cha Ushirika, Kibo ilikuwa wazi kabisa, theluji kileleni, watu wote wanapiga picha. Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni kwamba njia ya 21 inaelekea huko huko. Unapanda kwenda Mweka. Unapanda katikati ya migomba na mikahawa, unakata kona ukidhani ni ya mwisho, unakuta barabara imeinuka tena. Mweka ndiko watalii wanakoshukia wakitoka kileleni, na nilianza kuamini kwamba tunakwenda kuwapokea mizigo. Mtu wa Temeke amezaliwa usawa wa bahari. Mlima tunaoujua ni daraja la Mfugale pale Tazara, na hata huo tunaupanda kwa daladala.

Watu wa Moshi ni wema sana kwa mtu anayekufa. Walijipanga barabarani wakipiga makofi, "Pole baba, karibu unafika!" na haikuwa kweli. Binti mmoja wa shule, ndala miguuni, dumu la maji kichwani, alitembea sambamba nami kwa muda akinitazama kwa huruma, halafu akaona atachelewa nyumbani, akaniacha. Karibu na pa kugeuzia misuli ya mapaja ikakaza yote kwa pamoja. Nikakaa juu ya jiwe. Mama mmoja akaniletea ndizi, nikala. Wakati huo Mwalimu, ambaye alikuwa amejiandikisha 5 akazimaliza mapema na kupanda huko kwa gari ili kuja kutushangilia, alikuwa ng'ambo ya barabara akinipiga picha. Sikumwona.

Kushuka nilishuka. Nilifika uwanjani nikiwa katikati ya vijana wawili wa skauti, kila mmoja amenishika kwapa moja, nikakanyaga mkeka, nikavishwa medali. Saa ya uwanjani ilisoma saa tatu na dakika kadhaa. Nilifurahi mno. Sikuwa na ugomvi na mtu.

Matokeo yalitoka tukiwa ndani ya basi, mahali fulani baada ya Same. Kama katibu nikaanza kuyatafuta jina kwa jina kwenye simu. Mhasibu: saa 2:31. Vijana wawili wa bodaboda: 2:38 na 2:40. Mama lishe wawili walioingia wameshikana mikono: 2:55 kila mmoja, na pale palikuwa na mzozo kidogo wa nani alitanguliza mguu, kwa sababu ya kanga. Mwenyekiti muda wake ulikuwa miwili, mmoja wa tangu mlio wa kuanza na mwingine wa tangu alipovuka mkeka wa mwanzo, na kwa kuwa mlio ulimkuta kwenye foleni ya choo alinisihi niandike ule wa mkeka peke yake. Kisha nikaandika jina langu.

Saa 2:17:40.

Nikafuta, nikaandika tena. 2:17:40. Kijana wa bodaboda aliyekaa pembeni yangu akachungulia, akapiga ukelele uliomfanya dereva akanyage breki.

"Katibuuu! Katibu kaua!"

Nikasema hapana, kuna makosa. Basi zima likacheka. Nikasema jamani mlinionaje pale uwanjani, nilikuwa nimebebwa! Mwenyekiti akasimama akishikilia kiti, akasema hivyo ndivyo anavyokuwa mtu aliyejitoa mwili mzima, na kwamba wakimbiaji wakubwa wote ni wanyenyekevu. Kila nilipokataa, sifa ziliongezeka. Tuliposimama Korogwe kula, nilinunuliwa kuku nusu kwa unyenyekevu tu. Kuku nilimla, kukataa kuku kungeongeza sifa nyingine.

Chini kabisa ya orodha alikuwa Bi Mkubwa, saa 3:12:05. Watu wakasema maskini, umri. Mwenyewe hakuwepo kujibu, alikuwa amebaki kaskazini kuwasalimia ndugu zake, na simu yake ni kitochi.

Mtu pekee aliyeniamini ni mke wangu. Nilimwambia, "Mama, wanasema nimekimbia saa mbili na dakika kumi na saba, lakini si mimi." Akasema, "Hilo sina shaka nalo," akaendelea kuchambua mchele.

Mtaani mambo yalikuwa mengine. Baba mkwe alichapisha ukurasa wa matokeo kwenye duka la vipeperushi na kuufanyia laminesheni. Wateja wa friji wakaanza kuniuliza nakula nini. Na katikati ya wiki Mwalimu akanijia gereji, amekunja uso, ana simu mkononi. Mwalimu hufundisha historia, na mbio ndiyo dini yake ya pili. Akanionyesha picha: mimi, jiwe, ndizi. Chini yake saa ilipopigwa.

"Hapa palikuwa pametimia saa mbili kamili tangu kuanza," akasema. "Uko juu Mweka. Halafu unafika uwanjani saa mbili na dakika kumi na saba. Kilomita kumi kwa dakika kumi na saba, Katibu. Simbu mwenyewe hawezi."

"Ndicho ninachowaambia watu, Mwalimu! Si mimi!"

"Ulipanda bodaboda."

Nikabaki mdomo wazi. Akavuta kiti, akanieleza kwamba siwi wa kwanza. Mwaka 1904 kwenye Olimpiki ya St. Louis, Mmarekani Fred Lorz alichoka, akapanda gari kama maili 11, akashuka, akaingia uwanjani anakimbia, wakamshangilia kama bingwa hadi ilipogundulika. Na Boston mwaka 1980, Rosie Ruiz alichomoka kwenye umati karibu kabisa na mwisho, akavishwa taji, baadaye akavuliwa. Nikamwambia mimi sina hata hamu ya taji, nimekimbia saa tatu na dakika zake na nimeridhika. Akaniangalia kwa masikitiko zaidi.

"John Stephen Akhwari," akasema, "Mexico 1968, goti limeteguka, bega limeumia, mji uko juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Alimaliza kilomita 42 kwa saa 3 na dakika 25. Wewe unataka nikuamini kwamba kilomita 21, magoti yote mawili mazima, umetumia saa tatu na kitu? Afadhali ungekiri bodaboda, Katibu. Ina heshima kidogo."

Klabu ikagawanyika. Nusu wakasema mimi ni shujaa, nusu wakasema mimi ni mwizi wa muda, na wale wa bodaboda wakaanza kuulizana ni mwenzao gani wa Moshi aliyenibeba na alinitoza bei gani. Hapakuwa na kundi la tatu.

Jumapili ya kusoma matokeo ikafika. Mwenyekiti alikuwa amekodi maturubai na viti, amemwalika Diwani, na mpwa wake ameleta projekta ili picha za Moshi zionekane kwenye ukuta wa duka. Beberu alifungwa kwenye nguzo nyuma ya meza kuu, mkubwa, mweusi, mwenye harufu ya kutosha. Katika karatasi yangu nilikuwa nimeandika kwa uaminifu: "Matokeo ya Katibu yana utata." Mwenyekiti alikuwa ameupitishia wino mstari huo.

Diwani alikuwa na msiba Mbagala, akaomba zawadi zitangulie. Kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimekabidhiwa kamba. Picha zikapigwa: mimi, Diwani, mbuzi. "Kata hii sasa ina Simbu wake," Mheshimiwa akasema, akanipiga begani, akaingia kwenye gari akaondoka. Mama lishe mmoja naye akapewa kanga, mwenzake akanuna.

Nikaanza kusoma. Nilipofika ukurasa wa pili nikakuta haupo. Beberu alikuwa amejivuta hadi mezani na alikuwa anamalizia kona. Humo ndimo yalimokuwa matokeo ya Mwenyekiti, ya muda wote miwili, na sikumwona Mwenyekiti akisikitika. Ya mwisho niliyakumbuka kwa kichwa.

"Na Bi Mkubwa wetu, ambaye tunampongeza kwa kumaliza, saa tatu, dakika kumi na mbili."

"Rudia," sauti ikatoka nyuma.

Alikuwa amerudi. Amekaa kiti cha pembeni, kanga begani, kikombe cha supu mkononi.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba. Rudia hiyo saa."

Nikarudia. Akaweka kikombe chini.

"Mimi nilifika uwanjani, nikavishwa medali, nikala ndizi, nikavua raba, nikakung'uta vumbi, nikalala kidogo chini ya mti. Nilipoamka ndipo nikamwona Katibu analetwa. Sasa aliyekuja akiletwa amepata mbuzi, na aliyekuwa amelala amekuwa wa mwisho. Nifafanulieni."

Mwenyekiti akaanza kueleza habari za mashine na chipu, kwamba mashine haina upendeleo. Mpwa wake, kijana ambaye hakuwa na nia mbaya, akasema mbona picha za mbio zote zinatafutwa kwa namba, tuangalie. Akaandika namba iliyosajiliwa kwa jina langu. Ukuta wa duka ukawaka.

Alikuwa Bi Mkubwa. Ukubwa wa ukuta mzima. Kanga kaifunga kiunoni juu ya suruali, mikono juu, meno nje, hajaloa hata jasho la maana, nyuma yake wanaume watatu wamepinda, na kifuani namba yangu.

Kimya kilichokuwepo kilivunjwa na mbuzi.

Kijana akaandika namba ya Bi Mkubwa. Zilikuwa picha nyingi, kwa sababu nilipita mbele ya wapiga picha taratibu sana. Mimi na jiwe. Mimi nimefumba macho. Mimi napitwa na mzee mwenye mkongojo ambaye, nikitazama vizuri, hakuwa hata mshindani, alikuwa anakwenda kanisani. Mimi na skauti. Kila picha watu walipiga kelele upya, na wale walioniita mwizi ndio waliocheka zaidi. Nilishangilia kuliko wote. "Mnaona? Mnaona?" nikawa nasema, nikionyesha ukutani picha yangu nimetundikwa mabegani mwa watoto. "Ndiye mimi!"

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anawaza. Akamwomba Mhasibu zile bahasha, na Mhasibu, mtu wa mpangilio, alikuwa amezihifadhi zote. Mwalimu akachukua moja, akaiinua: 9. Akaigeuza juu chini: 6. Akaigeuza tena. Akamgeukia Mhasibu. Mhasibu akasema alipoandika zilikuwa zimekaa sawa.

"Bi Mkubwa," Mwalimu akauliza, sauti imebadilika, "hivi umezaliwa wapi?"

"Mbulu."

Mwalimu akakaa chini. Mbulu ndiko alikozaliwa Akhwari. Miaka yote hiyo tumenywa supu na huyu mama, tukimwachia nafasi ya nyuma kwenye mchakamchaka ili asichoke, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akatueleza kwa kifupi tu kwamba utotoni shule ilikuwa mbali na ng'ombe walikuwa wakali.

Sasa ikaja hesabu. Mwanamke wa kwanza ni Bi Mkubwa. Mama lishe akakumbatia kanga zake akasema alichopewa mbele ya Mheshimiwa hakirudi. Mwanamume wa kwanza, baada ya kuniondoa mimi, ni mwenye saa 2:31, yaani Mhasibu, na Mhasibu akasimama, kwa kweli alisimama, akajongea kuelekea kwenye kamba. Zomeazomea iliyompata ilisikika hadi Tandika. Alirudi kukaa.

Bi Mkubwa alikuja mbele taratibu.

"Mwenyekiti, huyu mbuzi alitolewa kwa saa ngapi?"

"Mbili na... kumi na saba."

"Aliyezikimbia ni nani?"

Mwenyekiti akatazama ukuta. Bi Mkubwa akanyoosha mkono, nami nikamkabidhi kamba kwa furaha, maana mbuzi alikuwa ameanza kula fulana yangu. Akaita bajaji. Mimi ndiye niliyeshika miguu ya nyuma wakati wa kumpakia, na alinipiga teke la paja lile lile.

Kuhusu kurekebisha matokeo, Mwalimu alitushauri tunyamaze: kukimbia na namba ya mtu mwingine kunaweza kuwafuta wote wawili, hata kama chanzo ni bahasha. Kwa hiyo hadi leo ukitafuta jina langu utakuta 2:17:40, na baba mkwe bado ameitundika sebuleni.

Tatizo ni Diwani. Yeye aliondoka kabla ya picha, na juzi amepiga simu: kata inaunda timu, kuna mbio za manispaa, nahodha ni mimi, fulana zimeshachapishwa jina. Nikaenda Feri asubuhi kumweleza Bi Mkubwa. Alikuwa anapara changu, hakuinua kichwa.

"Wewe jiandikishe tu, mwanangu," akasema. "Ila safari hii mbuzi tunaandikishana mapema."